Maswali ya Wasomaji: Kuhamia Mfumo Endeshi Mpya, na Maoni ya Nani Yasikilizwe

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ikasitisha huduma yake ya kawaida, maana yake ni kwamba tangu siku hiyo kompyuta inayoendeshwa na mfumo huo haipati tena masasisho ya usalama isipokuwa kwa mpango maalumu. Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii zinauliza kama kuna haja ya kuhamia Windows 11, na karibu zote zinataja maoni ya watu wengine: huyu amesifu, yule amelalamika, wa tatu ameapa kutohama. Nimechagua barua tano.

Swali: Nimewauliza wenzangu wanne kazini. Wa kwanza anasema baada ya kuhama kompyuta yake imekuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa siku aliyoinunua. Wa pili anasema yake imekuwa nzito mno, akiiwasha asubuhi inambidi atafute kazi nyingine ya kufanya mpaka itulie. Wa tatu hakuona tofauti yoyote zaidi ya sura. Wa nne amekataa kuhama na hataki hata kulizungumzia jambo hilo. Nimwamini nani? – *Karani wa ofisi*

Jibu: Ndugu Karani, waamini wote wanne, kwa sababu kila mmoja amesema kweli kuhusu kompyuta yake. Kasoro iko kwenye maswali uliyowauliza. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mtu anapotoa maoni kuhusu mfumo endeshi mara nyingi anazungumzia mashine iliyo mbele yake bila kujua, ilhali mashine yako huenda haifanani nayo hata kidogo. Rudi kwao uwaulize mambo mawili: kompyuta yao ina diski ya aina gani, na je, waliweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani au walifuta diski wakaanza upya?

Swali la diski ndilo zito zaidi. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka na mkono mdogo unaosogea huku na huko kutafuta data, na mkono huo hauwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Mifumo ya siku hizi hufanya kazi nyingi kwa pamoja bila mtumiaji kuziona: inapanga orodha ya faili ili zitafutike haraka, inakagua virusi, inapakua masasisho. Kwenye diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, kazi hizo hupita bila kusumbua. Kwenye diski ya sahani hupanga foleni, na foleni hiyo ndiyo anayoiona mwenzako wa pili kila asubuhi.

Nilijionea jambo hili kwenye kompyuta mpakato yangu ya mwaka 2018. Baada ya kuhamia Windows 11 taa ndogo ya diski iliyo ubavuni mwake ilikuwa haizimiki, na nilipoinamisha sikio karibu na kibodi nilisikia mkwaruzo usiokoma, kama mtu anayepekua karatasi kwenye droo. Nilipofungua dirisha linaloonyesha kazi zinazoendelea, nikakuta prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inatumika kwa asilimia chache tu huku diski ikiwa imefika asilimia 100. Nilifungua skrubu za chini, nikatoa diski ile, nikaweka ya SSD, na sikugusa kitu kingine chochote. Kompyuta ileile, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi) ileile na mfumo uleule, ikawa inafunguka kabla sijamaliza kusogeza kiti. Kama ningeandika maoni yangu wiki moja kabla, ningeulaumu mfumo kwa kosa la diski.

Kuhusu swali la pili, anayeweka mfumo mpya juu ya wa zamani anahama na kila kitu chake: programu alizoziweka miaka sita iliyopita na kuzisahau, vijiprogramu vinavyojiwasha vyenyewe, hata viendeshi (programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) vya printa aliyokwisha kuigawa. Anayefuta diski na kuanza upya anaviacha vyote hivyo nyuma. Nakisia kwamba mwenzako wa kwanza alifanya hivyo, na kama ndivyo, anachosifu ni usafi. Angeweka upya hata Windows 10 ileile angeona unafuu wa namna hiyohiyo.

Uangalie pia maoni hayo yalitolewa lini. Kwa saa kadhaa baada ya kuhama, na wakati mwingine kwa siku moja au mbili, kompyuta huwa inapanga upya orodha za faili na kupakua viendeshi, kwa hiyo anayelalamika siku hiyohiyo ni sawa na anayemhukumu mpangaji mpya siku anayoshusha mizigo. Mimi husubiri wiki mbili kabla ya kusema lolote.

Anabaki huyu wa nne, na kwake hoja inabadilika, kwa kuwa wasiwasi wangu kwake hauhusu wepesi wala sura. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja la usalama katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu haribifu iliyoitwa WannaCry ikapita kwenye tundu lilelile, ikafunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kompyuta zilizokuwa zimeweka kiraka kile zilinusurika. Kati ya kiraka na shambulio ilipita karibu miezi miwili, na waliodhurika wengi ni wale ambao kiraka kiliwafikia lakini hawakukiweka. Mwenye mfumo uliositishwa yuko mahali pabaya zaidi, maana kwake kiraka hakifiki kabisa. Tena kila kiraka kinapotolewa kwa ajili ya mfumo mpya, wahalifu hukichunguza wajue kimeziba nini, kisha hutafuta tundu hilohilo kwenye mfumo wa zamani ambako limebaki wazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mifumo hii miwili imetoka kwenye msingi mmoja.

Kama ana sababu ya kweli ya kuchelewa, mwambie ajiandikishe kwenye mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Mpango huo hauongezi jambo lolote jipya kwenye mfumo, unaziba matundu tu, na autumie muda huo kujipanga.

Swali: Ninatunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo tatu kwa programu ambayo nimeitumia kwa miaka mingi. Nina pia printa ya zamani inayochapa ankara kwenye karatasi zenye nakala za kaboni. Ninaambiwa nikihama vyote viwili vinaweza kukataa. Je, ni kweli? – *Mhasibu wa kujitegemea*

Jibu: Inawezekana, na ninakushauri usihame mpaka upate jibu la uhakika, kwa sababu kwako wewe kompyuta ni ile programu ya hesabu, mfumo endeshi ni sakafu tu inayoibeba.

Windows 11 hutolewa kwa muundo wa biti 64 pekee, biti hapa zikiwa kipimo cha ukubwa wa data ambayo prosesa huishughulikia kwa mara moja. Programu za biti 32 zinaendelea kufanya kazi ndani yake, lakini zile za zamani sana za biti 16 hazifunguki, na kama Windows 10 yako yenyewe ni ya biti 32 hutaweza kuweka mfumo mpya juu yake. Itakubidi uanze upya. Watumiaji wa kompyuta za Apple walikutana na jambo la aina hii Oktoba 2019, macOS Catalina ilipoacha kabisa kupokea programu za biti 32: walioangalia mapema walibaki kwenye toleo la nyuma huku wakitafuta programu mbadala, na wasioangalia waligundua asubuhi ya pili kwamba programu yao haifunguki.

Mwandikie mtengenezaji wa programu yako ukimtajia namba kamili ya toleo ulilonalo, na umwombe jibu la maandishi. Kuhusu printa, tafuta kama kuna kiendeshi kilichotengenezwa kwa Windows ya biti 64. Kama kinafanya kazi sasa kwenye Windows 10 ya biti 64, kwa kawaida kitafanya kazi na huko uendako, ingawa ningependa ujaribu kuchapa ankara moja kwenye kompyuta ya mtu aliyekwisha kuhama kabla ya kugusa yako. Tafuta pia namba ya leseni ya programu yako, kwa sababu nimewaona watu wenye data yote salama mkononi wakashindwa kuifungua kwa kukosa karatasi moja yenye tarakimu hizo.

Halafu nakala. Fanya mbili, kwenye diski mbili tofauti, na moja isikae chumba kimoja na kompyuta. Usiishie kuona kwamba faili zimo: chukua nakala hiyo uifungue kwenye kompyuta nyingine, uangalie kama salio la mwezi uliopita linalingana na unalolijua. Hili si woga wa bure. Oktoba 2018 Microsoft ilisimamisha sasisho kubwa la Windows 10 baada ya baadhi ya watumiaji kukuta nyaraka zao zimefutika. Walikuwa wachache, lakini ambaye hesabu za mwaka mzima zimepotea hafarijiki kwa kuambiwa kwamba wengine wamesalimika.

Na tafadhali usihame wiki ya kufunga mahesabu.

Swali: Mimi nimestaafu ualimu, na kompyuta naitumia kuandika na kuwasiliana na watoto wangu. Mkono wangu umezoea kila kitu kilipo. Nimeona Windows 11 kwa jirani: kitufe cha kuanzia kimehamishiwa katikati, na orodha inayotokea ukibofya kulia imepunguzwa. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Kwa nini wanabadilisha vitu visivyo na kasoro? – *Mwalimu mstaafu*

Jibu: Shikamoo, mwalimu. Malalamiko yako ni ya haki, na sikubaliani na wale wanaomwambia mtu mzima kwamba atazoea tu. Mazoea ya mkono ni kazi iliyokwisha kufanywa, na anayekubadilishia mahali pa vitu anakurudisha darasa la kwanza bila ridhaa yako.

Malalamiko ya namna hii yamewahi kusikilizwa. Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012 iliondoa kitufe cha kuanzia kwenye kona yake, watu wakalalamika kwa sauti moja, na Oktoba 2013 toleo la 8.1 likakirudisha. Kwa hiyo maoni ya watumiaji yana uzito, hasa yanapotaja kitu chenyewe kama ulivyofanya wewe.

Kitufe cha kuanzia unaweza kukirudisha kushoto mwenyewe. Bofya kulia mahali patupu kwenye ule upau wa chini ya skrini, chagua mipangilio ya upau, shuka mpaka sehemu ya tabia za upau, na mahali panapotaja mpangilio wa aikoni badilisha katikati iwe kushoto. Orodha iliyopunguzwa nayo haikupotea: ukishikilia kitufe cha Shift huku ukibofya kulia juu ya faili, orodha ndefu uliyoizoea inatokea yote. Kama herufi ni ndogo, kwenye mipangilio ya ufikivu kuna kitelezi cha kukuza maandishi peke yake bila kuvuruga vingine. Ninakuomba ubofye kwa mkono wako mwenyewe, jirani akiwa amekaa kando akikuelekeza, maana akikufanyia yeye utamhitaji tena wiki ijayo.

Kuhusu mbachao, mwalimu, ningekuunga mkono kabisa kama kompyuta yako isingeunganishwa na intaneti. Lakini umesema unawasiliana na watoto, na kwa njia hiyohiyo barua pepe za matapeli hufika. Hapo mfumo usiopata viraka unakuwa mlango usio na komeo.

Swali: Kompyuta yangu imekataliwa, naambiwa haikidhi masharti. Rafiki yangu chuoni anajua mbinu ya kuruka ukaguzi huo na anasema yake inafanya kazi vizuri. Nifuate mbinu yake? – *Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Jibu: Mdogo wangu, kwanza hakikisha kwamba kweli imekataliwa. Masharti ni RAM ya GB 4, nafasi ya diski ya GB 64, uwezo wa kuwaka kwa njia salama, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa, ambayo kwa Intel kwa ujumla inaanzia kizazi cha 8 na kwa AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Kompyuta nyingi zina TPM lakini ilizimwa tangu kiwandani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na usome kinachotokea. Ukiambiwa haipatikani, huenda ipo kwenye mipangilio ya BIOS (programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows) ikisubiri kuwashwa, kwa jina la PTT kwenye mashine za Intel au fTPM kwenye za AMD.

Lakini simama hapo kabla hujaingia BIOS. Kama diski yako imefungwa kwa usimbaji fiche, yaani data yake haisomeki bila ufunguo, na siku hizi kompyuta nyingi hufunga diski zenyewe mara mtu anapoingia kwa akaunti ya mtandaoni, kubadilisha mipangilio hiyo kunaweza kuifanya mashine ikuone mgeni. Niliwahi kukaa na mtu ambaye alikuwa amegeuza kitu kimoja tu huko ndani. Skrini ilikuwa ya buluu, na juu yake palikuwa na ombi la ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, mafungu manane ya tarakimu sita sita. Alinitazama kana kwamba mimi ninazijua. Tulipekua daftari zake, tukapekua barua pepe kwa simu, na mwishowe tukaukuta ufunguo kwenye akaunti aliyoifungua siku ya kununua kompyuta na kusahau kwamba anayo. Nilimsomea fungu moja moja naye akaandika, na alipofika fungu la nane mikono ilikuwa inamtetemeka, kwa sababu picha za mzazi wake aliyefariki zilikuwa humo tu na hakuna mahali pengine. Bila ufunguo ule zisingefunguliwa na fundi yeyote. Kwa hiyo tafuta wako leo, uuandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo isikae ndani ya mkoba wa kompyuta.

Sasa mbinu ya rafiki yako. Ninakubali kwamba mashine yake inafanya kazi, lakini Microsoft imeeleza wazi kwamba kompyuta isiyokidhi masharti haina uhakika wa kuendelea kupokea masasisho, yakiwemo ya usalama. Sababu kubwa ya kuhama ni masasisho hayo. Mtu anayehama kwa njia ambayo inaweza kumnyima masasisho amepata sura mpya na kubaki na hatari ileile, na siku masasisho yatakapokatika huenda ikawa katikati ya mitihani.

Kama prosesa yako ni ya zamani kweli, ipo njia ninayoipenda zaidi kwa mwanafunzi, nayo ni Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft. Chukua Linux Mint au Ubuntu, iweke kwenye flashi, na uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kuisakinisha. Diski yako haiguswi. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Fungua kazi zako za darasa kwa LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, na uangalie kama majedwali na namba za kurasa zimekaa mahali pake, kwa maana nyaraka ngumu wakati mwingine husogea kidogo zinapohama programu. Uliza pia chuoni kama kuna programu ya mitihani inayodai Windows pekee, kwa sababu jibu la swali hilo linaweza kumaliza mjadala wote. Ukiridhika, chagua toleo la Ubuntu la huduma ya muda mrefu, ambalo hutoka kila baada ya miaka miwili mwezi Aprili na hupata masasisho kwa miaka mitano. Mint yenyewe hujengwa juu ya matoleo hayo. Kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 inaweza kukufikisha mahafali kwa namna hiyo.

Swali: Nimehama siku sita zilizopita na ninajuta. Je, ninaweza kurudi nilikotoka bila kupoteza kazi zangu? – *Msomaji mwenye haraka*

Jibu: Unaweza, mradi hujapitisha siku 10 tangu kuhama, na mradi hujafuta folda iitwayo Windows.old, ambamo mfumo wako wa zamani umehifadhiwa. Watu wengi huifuta wenyewe wakitafuta nafasi kwenye diski. Nenda kwenye mipangilio, kisha mfumo, kisha urejeshaji, utaona kitufe cha kurudi kwenye toleo lililopita. Nyaraka zako hubaki, lakini programu ulizoziweka baada ya kuhama zitaondoka, kwa hiyo andika majina yake, na unakili nyaraka zako kwenye diski ya nje kabla ya kubofya. Baada ya siku 10 kitufe hicho hutoweka, na kurudi kunakuwa ni kufuta diski na kuanza upya.

Kwa kuwa barua yako ilionyesha kwamba umebakiwa na siku nne, nilikujibu moja kwa moja siku ileile, na niliuliza pia kilichokuudhi ni kitu gani. Ulinijibu kwamba ni sauti iliyokatika kila unapochomeka vipokea sauti. Tulipobadilisha kiendeshi cha sauti kwa kile cha mtengenezaji wa kompyuta, tatizo hilo lilikwisha, na hukurudi.